Kaye, Vitambaa na Kadi: Je, Michoro Inaweza Kulisha Nyumba?



Juma lililopita, kiisha mkutano, mama mmoja wa hapa Kamatanda alituvuta pembeni. Alitoa ndani ya kikwembe chake kaye moja ya zamani, ya binti yake. Kurasa za nyuma zilijaa michoro: kuku na vifaranga, mama anayetwanga, gari-moshi la shaba likipita nyuma ya nyumba, ndoo tatu za maji zikingojea bomba. Binti ana miaka 19. Alimaliza masomo ya sekondari, feza za kuendelea hazikupatikana, na sasa anaenda kila asubuhi kuosha madini pamoja na wengine, miguu ndani ya maji mpaka jioni. Mama alituuliza swali moja tu: "Bwalimu, hii mikono inaweza kula kwa kuchora, ao tunajidanganya?"

Tulimwahidi jibu katika ukurasa huu, sababu si yeye peke yake mwenye swali hilo. Katika vikundi vyetu kuna wamama wanaojua broderi, wengine kroshe, wengine wanaandika herufi nzuri mpaka parokia inawaita kila wakati wa ndoa. Tunajibu: ndiyo, inaweza. Lakini haitaanza kwa kitu ambacho watu wengi wanafikiri, na haitafika kwa haraka kama feza ya madini. Feza ya madini inaingia jioni ile ile. Feza ya michoro inangojea, na mama anayetaka kumtoa mtoto ndani ya maji anapaswa kujua hilo mbele ya kumtoa, ili asimrudishe kwa hasira kiisha majuma mawili.

Kwanza tuondoe wazo moja. Kuna watu wanaosema michoro ni mambo ya wazungu na watalii, na Likasi haina watalii. Wanasahau nyumba walizokulia. Wazee wetu wa kambi za Union Minière na wa reli walikuwa na picha kwenye ukuta wa sebule: Mamba Muntu mwenye nywele ndefu na nyoka, kijiji kando ya mto wakati wa magaribi, wafungwa wa wakati wa Ubelgiji wakipigwa fimbo. Waliziita ukumbusho. Nani alizinunua? Si wazungu. Ni mfanyakazi, ni mwalimu, ni karani, aliyepokea mshahara na akataka sebule yake iseme kitu. Katika miaka ya 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia yote ya inchi yetu kwa ajili ya Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha kwenye chuo kikuu cha Lubumbashi. Picha 101, na zikaingia ndani ya kitabu mwaka wa 1996. Lakini mbele ya kukutana na profesa huyo, na hata wakati ule ule, wachoraji wa namna yake walipita mlango kwa mlango na picha mkononi, kama vile wengine wanavyopita na mboga.

Na mbele yao tena, mwaka wa 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua Élisabethville nyumba ya kazi iliyoitwa Le Hangar. Pale ndipo vijana kama Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga walijulikana. Bela alichora kwa vidole vyake bila burashi. Mwenze alijaza picha nzima kwa mistari midogo midogo, kama mtu anayeshona. Tunawaambia watoto wetu habari hii kwenye kelasi na wanashangaa. Wanafikiri mchoraji ni mtu wa televisheni.

Upande wa wamama nao kulikuwa kazi. Kwenye foyer social za kambi, mabibi zetu walifundishwa kushona, kupika, na kutia maua kwenye vitambaa vya meza. Tunaweza kusema mengi juu ya nia ya kompani katika mafundisho yale, maana ilitaka mke atulie nyumbani ili mume aende kazini akiwa ameshiba na amevaa nguo safi. Lakini sindano ilibaki mkononi mwao, na mikono ile ililisha watoto wengi wakati mishahara ya Gécamines ilipoacha kufika.

Sasa, kwa nini picha za sebule zilipunguka? Sababu mshahara ulikufa. Mtu hanunui picha ya ukuta kama hajalipa unga. Hapa ndipo tunataka binti yetu na mama yake wasikilize vizuri: mchoro uliowekwa peke yake ukutani unangojea mtu mwenye feza nyingi, lakini mchoro uliowekwa juu ya kitu ambacho nyumba itakinunua kwa kila namna unauzishwa hata mwaka mubaya. Kule Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka wa 1968 kuchora wanyama na ndege kwa rangi ya kupaka vinga (baiskeli) juu ya mbao za mraba. Alikufa mwaka wa 1972, hakupata muda mrefu. Ndugu na wanafunzi wake ndio walioendelea, na leo ndege wale wale wako juu ya sinia, sahani, visanduku, hata milango. Mchoro ulihama kutoka ukutani ukaenda mezani.

Basi tuanze na meza yetu. Wamama wengi tuliozungumza nao wanafikiri moja kwa moja juu ya kaye: nunua kaye za kawaida, zifunike kwa karatasi ngumu, chora juu yake, uzisha kwa bei ya juu. Ni wazo zuri lenye hesabu ngumu. Tufanye hesabu hiyo pamoja. Bei tunazoweka hapa ni za mfano, kila mmoja aweke bei za soko lake.

Tuseme kaye kumi na mbili zinanunuliwa franka 9.000, ni kusema 750 kwa moja. Karatasi kubwa ya kufunika ni franka 1.000 na inatosha kaye nne, hivyo 250. Fotokopi ya mchoro kwenye sekretaria ni 200. Rangi, kole na plastiki, 150. Tumefika 1.350. Ongeza 100 ya njia na ya kaye zitakazoharibika: 1.450. Na binti amefanya kazi, tuseme 400 kwa kaye moja: 1.850. Ukiuzisha 2.200, unabaki na 350. Wakati ule ule mama wa meza ya karibu anauzisha kaye isiyochorwa kwa franka 1.000. Mzazi mwenye watoto watano, kila mmoja anaombwa kaye nane, atageukia meza gani? Tusijifanye kuwa hatujui jibu. Tangu Septemba 2019, wakati masomo ya msingi ya serikali yalipotangazwa kuwa bure, wazazi wengi wamerudisha watoto masomoni, lakini kaye, biki na unifome ni mfuko wa mzazi sikuzote.

Basi geuza hesabu. Chukua etiketi, kile kikaratasi cha kubandika kwenye jalada ambapo mtoto anaandika jina, kelasi na fundisho. Karatasi moja ya fotokopi inatoa etiketi 12. Fotokopi 200, rangi 100, kole na mfuko mdogo 100: jumla 400. Kazi ya binti, 200. Unauzisha pakiti ya etiketi 12 kwa franka 1.000 na unabaki na 400. Mama yule mwenye watoto watano ananunua kaye za bei ndogo, anazifunika kwa gazeti ao karatasi ya mifuko ya sementi kama tulivyofanya sisi, na kwa franka 1.000 kaye zote za mtoto mmoja zinapendeza. Hapo haugombani na mama wa meza ya karibu. Unamsaidia kuuzisha kaye zake, na yeye anaweza hata kuweka pakiti zako juu ya meza yake kwa faida kidogo.

Kwa pakiti 40 unahitaji franka 16.000 za kuanza. Zikiuzishwa zote ni 40.000. Ukiondoa zile 16.000 na 8.000 za mkono wa binti, kunabaki 16.000. Si utajiri. Ni feza ya kutengeneza pakiti zingine 40 bila kuomba mtu.

Sisi tunaofundisha kelasi ya kwanza tunajua jambo lingine ambalo mfanyabiashara hajui. Mtoto wa miaka sita hajui kusoma jina lake katika mwezi wa Septemba, lakini picha ya kuku anaijua. Kama kaye zake zote zina kuku, na za mwenzake zina samaki, hazitapotea kwenye rundo la mwalimu, na hakuna kulia. Kwa kelasi yenye watoto wengi kupita mabenchi, kitu hicho ni msaada wa kweli. Mwambieni mzazi hivyo mnapouzisha. Msiseme "ni nzuri" tu, kila kitu sokoni kinasemwa kuwa kizuri.

Kiisha etiketi, kadi. Inchi yetu ina siku nyingi za kupongezana, na kadi zinazouzishwa mjini zinatoka mbali, zina theluji na miti ya misonobari, tena maneno ya Kiingereza. Nani amewahi kuona theluji Kamatanda? Kadi yenye mama amefunga mtoto mgongoni, yenye neno la Kiswahili ao Kifaransa, itapata mtu wake. Shikeni kalenda: 8 Machi ya wamama, 30 Aprili ya walimu, 1 Agosti ya wazazi, komunio ya kwanza, mitihani ya serikali watoto wanapojimwagia poda, ndoa za wakati wa ukame, kiisha Noeli. Mnatengeneza mwezi mmoja mbele, si juma moja. Na mialiko ya ndoa ndiyo yenye feza kupita zote, sababu anayeoa ananunua mia moja mara moja. Lakini kwa mialiko muombe nusu ya feza mbele ya kuanza kazi. Ndoa inaweza kuahirishwa, na mwaliko wenye jina la Bwana fulani na Bi fulani hauna mnunuzi mwingine duniani.

Vitambaa ni habari ndefu kidogo. Kitambaa cha meza, kifuniko cha kiti, kifuko cha mto, kitambaa cha kufunikia sahani za chakula inzi wasitue. Hapa mikono ya wamama wa broderi na mkono wa binti vinaweza kukutana. Binti anachora kwa kalamu ya mti, mchoro unahamishwa kwa karatasi ya karboni, mama anafuata kwa sindano. Kazi ya siku tatu inakuwa na sura ambayo haionekani kwenye kila nyumba, maana ukweli ni kwamba tumechoka na rozi zile zile mbili na kipepeo mmoja, tulizozikopi kutoka kwa mabibi zetu.

Wale watakaopaka rangi badala ya kushona, tunawasihi: nunueni rangi ya kitambaa, si rangi ya mlango. Iacheni ikauke siku nzima. Kiisha pigeni pasi upande wa ndani, na kitambaa kingine katikati, ili moto uishikishe. Umeme wetu mnaujua. Mwadingusha na Koni haziko mbali, lakini nyaya zinapita juu ya vichwa vyetu na giza liko chini, basi pasi ya makala itafanya kazi, ila mpanguse majivu vizuri. Mbele ya kuuzisha hata kimoja, fueni kitambaa cha majaribio mara tatu kwa sabuni ya kipande, mkianike kwenye jua kali. Kama rangi inatoka, mnajua ninyi peke yenu na jambo linaishia hapo. Kama inatoka kwenye nyumba ya mnunuzi, mtaa wote utajua mbele ya jua kuzama.

Tena kuna vumbi. Barabara yetu inapitisha malori usiku na mchana, na wakati wa ukame kila kitu cheupe kinakuwa chekundu. Msianike vitambaa vyeupe vya kuuzisha kwenye meza wazi. Wekeni kimoja tu nje cha kuonyesha, vingine ndani ya plastiki. Wakati wa mvua shida inageuka: karatasi inavuta unyevu, kadi inajikunja, na mende wanapenda kole kuliko sisi tunavyopenda sukari. Sanduku la bati lenye kifuniko ni kitu cha kwanza cha kununua, mbele ya rangi za bei kali.

Achore nini? Hapa kikundi chetu kilibishana sana. Wengine walisema achore wale panya na binti-wafalme wa sinema za Marekani, sababu watoto wanawapenda. Tunawaelewa. Mifuko ya masomo yote sokoni ina sura hizo. Lakini michoro ile ina wenyewe. Hata hapa kwetu, sheria ya haki za watunzi ni ya tarehe 5 Aprili 1986, na sheria hiyo hiyo inayomkataza binti kukopi ndiyo inayomlinda yeye siku ambayo mtu atachukua kuku wake na kumpiga fotokopi mia mbili. Tena kuna sababu nyingine ya kibiashara: viwanda vya mbali vinauzisha panya wao kwa bei ambayo hatuwezi kuifikia kamwe. Kuku wa Kamatanda hawana.

Na tuna vingi vya kuchora ambavyo hakuna kiwanda kimefikiri. Tuna ule msalaba mdogo wa shaba, ambao wazee walitumia kama feza na kwa mali ya ndoa. Umekutwa ndani ya makaburi ya zamani sana kule Sanga, karibu ya ziwa Kisale. Tuna ua la shaba, lile la rangi ya zambarau, ambalo wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense. Linaota mahali udongo una shaba nyingi, mpaka watafutaji wa madini walilitumia kama alama. Tuna vichuguu virefu kupita nyumba, tuna wamama wa uyoga kando ya barabara wakati wa mvua za kwanza, tuna malakite ya kijani yenye miviringo, ambayo ni mchoro tayari, Mungu mwenyewe aliuchora. Mtoto wa Likasi aliye Kinshasa ao Bruxelles akiona kitambaa cha meza chenye ua la shaba na kichuguu, hataulizia bei mara mbili. Hao ni wanunuzi pia: ndugu walio mbali, wanaoomba watumiwe "kitu cha kwetu" mtu anaposafiri.

Kipeni kila kitambaa jina. Wamama wafanyabiashara wa Lomé, katika Togo, wale walioitwa Nana Benz, walijua hilo. Kitambaa cha waksi kilipofika bila jina walikipa jina lenye habari ya ndoa, ya wivu, ya fahari, na jina ndilo lililokiuzisha. "Nipe kile cha Ndoo Tatu" ni rahisi kusema kuliko "nipe kile cha bluu pale pembeni".

Sasa feza, na hapa tutasema wazi, hata kama mabwana wanasoma. Biashara ndogo za wamama katika mtaa wetu hazifi kwa kukosa wanunuzi. Zinakufa siku ya kilio. Ndugu anakufa, mchango unaombwa, na kopo la biashara ndilo la kwanza kufunguliwa sababu liko karibu. Ao mtoto anafukuzwa masomo. Ao bwana anasema ni mkopo wa siku mbili. Hakuna mama anayeweza kukataa mchango wa kilio, na hatuwaombi mkatae. Tunaomba kuwe makopo mawili: kopo la kununua karatasi na rangi, ambalo halikai nyumbani, liko kwa mshika-feza wa kikundi ao kwenye simu, kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, na kopo la faida, ambalo ni la nyumba, lile mnaweza kulifungua usiku. Kwa ile hesabu ya etiketi, 16.000 za kwanza hazigusiki. Zile zinazobaki ndizo zinazoenda kulia na wafiwa.

Likelemba ni njia nzuri ya kupata feza ya kuanza, mradi zamu yako ifike wakati unaohitaji. Kupokea mwezi wa Oktoba kwa biashara ya kaye ni kupokea mwavuli mvua ikiisha. Ombeni kubadilisha zamu mapema. Na deni la wanunuzi: kwa kadi na etiketi, hapana deni. Mtu anayeshindwa kulipa franka 1.000 leo hatakuwa nazo kesho, na utapoteza rafiki kwa ajili ya kuku wa karatasi. Mkipokea dola, mziangalie pembe zote, maana noti yenye kipasuko kidogo utaishika wewe, hakuna atakayeipokea.

Juu ya sheria. Wamama wengi bado wanaamini kwamba mke hawezi kufungua biashara bila barua ya bwana. Ilikuwa hivyo: Kanuni ya Jamaa ya mwaka wa 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kwa matendo ya kisheria. Sheria nambari 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliibadilisha. Ruhusa ile iliondolewa, na sasa sheria inasema mume na mke wapatane. Kupatana si kuomba ruhusa. Kunakwenda pande mbili, na bwana pia anapaswa kupatana na mke anapojifunga kwa deni. Tunajua kwamba sheria iliyo kwenye karatasi haifiki jikoni siku moja. Lakini ni vizuri mama aingie katika mazungumzo akijua kwamba haombi zawadi.

Kwa meza ya sokoni kuna patente, karatasi ya mfanyabiashara mdogo, ambayo msingi wake ni sheria ya tarehe 2 Agosti 1979 juu ya biashara ndogo. Ulizeni kwenye komine bei ya mwaka huu, na muulize ninyi wenyewe, msimtume mtu. Kila anayekuja kuomba kodi ya meza, mwombeni karatasi ya risiti yenye muhuri. Anayekasirika kwa kuombwa risiti amejibu swali tayari. Wamama watano wakiomba risiti pamoja ni vigumu kuwatisha, ndiyo maana tunashauri kuanza mkiwa kikundi, hata kama kila mmoja ana kopo lake.

Jambo la mwisho lilileta maneno makali kwenye mkutano, na hatutalificha. Tulipouliza binti atalipwa namna gani, baadhi ya wamama walisema: ni mtoto, anakula nyumbani, anachora kwa kupenda, mlipeni nguo wakati wa Noeli. Sisi tunakataa. Kule kwenye madini analipwa kidogo, lakini analipwa yeye, mkononi, jioni. Kama michoro haimpi kitu mkononi, atarudi majini, na atakuwa na haki. Katika hesabu yetu tumeweka 200 kwa pakiti moja ya etiketi na 400 kwa kaye moja. Mtu akiona ni nyingi, ajaribu kupaka rangi etiketi 12 bila kutoka nje ya mstari, kiisha tuzungumze. Mama mwingine alisema tumlipe kwa sehemu ya faida badala ya kipande. Wazo hilo si baya kwa mwaka wa pili, wakati kutakuwa faida ya kugawa. Kwa sasa apate feza ya kazi kila siku ya posho, iandikwe kwenye kaye, yeye atie sahihi na mama yake aone.

Kikundi kilikubali kujaribu kidogo. Pakiti 40 za etiketi, michoro minne: kuku, samaki, ndoo tatu, gari-moshi. Wamama wawili wa broderi watashona vitambaa vitatu vya ua la shaba, tuone kama mkono wa binti na sindano vinapatana. Feza za kuanza zimetoka kwenye zamu ya mama mmoja aliyekubali kubadilishana na mwenzake. Binti ataosha madini siku tatu kwa juma na kuchora siku tatu, mpaka pakiti ziishe. Yeye mwenyewe alichagua hivyo, na tuliona ana akili kupita sisi tuliotaka aache mara moja.

Meza itakuwa sokoni siku mbili za posho mbele ya masomo kufunguliwa, na tena siku ya kazi moja ya kwanza ya mwezi wa Septemba asubuhi mapema, kando ya mama wa kaye. Anayetaka kuleta sanduku la bati lisilotumika, alilete kwa mshika-feza. Tutaandika hapa zilizouzishwa ngapi na zilizobaki ngapi.